Karatasi Tatu za Kalenda ya Twiga

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mofini, dawa yangu ya maumivu, imepungua tena! Jana nilichora mstari wa penseli ubavuni mwa chupa, sawasawa na pale dawa ilipofika. Leo asubuhi dawa iko chini ya mstari kwa upana wa kidole. Kipimo changu hakiwezi kula kiasi hicho. Humu ndani tuko wawili tu — mimi, ambaye sifiki chooni bila kushikwa, na binti yangu Nthoki. Sitaki kuwaza ninachowaza. Nawaza.

Muuguzi alituonya: ifungieni, huko nje kuna watu wangeipigania. Na hii ni nyumba ya mshika ufunguo wa kamati!

Saa nne Perez akaleta sanduku. Zamani nililifuata mwenyewe ukutani kwa ukumbi wa mtaa. Sasa naletewa kitandani kama chakula cha mgonjwa. Sanduku la bati, la kijani, lina mwanya juu. Mtu akiona mwenzake anauzia vijana unga wa kulevya au vidonge, anaandika jina, hatii sahihi, anatumbukiza. Mshika ufunguo peke yake ndiye anayesoma. Zikifika karatasi tatu zenye jina moja, kamati inakwenda mlangoni kwa mtu huyo. Kanuni hizo niliziandika mimi. Miaka thelathini na moja karani wa masjala — nani mwingine angeziandika?

Perez ni mwenyekiti, mkunga mstaafu, hapotezi dakika. "Mzee, fungua chapchap, niko na chama saa tano." Akageukia dirisha kama kanuni inavyotaka.

Karatasi moja. MUSAB WA KINYOZI ANAUZA UNGA. Herufi kubwa, zimelala kushoto.

Musab! Musab aliondoka mtaa wetu wa Mbotela miaka minne iliyopita. Tulimwondoa sisi.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

Nimeiweka chini ya mto. Amerudi? Nani kamwona? Na kwa nini nimemficha Perez?

Ijumaa, 5 Septemba

Nilimuuliza Nthoki kama Musab ameonekana mtaani.

"Musab gani? Wa Mama Muhiba? Si yuko Mombasa, Baba."

Alijibu haraka mno. Mtu asiye na jambo huuliza kwanza kwa nini unauliza.

Alipokwenda kuteka maji niliitoa karatasi nikaigeuza. Nyuma kuna mguu wa twiga. Mguu mmoja wa mbele, kwato, nyasi kidogo.

Niliijua kalenda. Niliujua na mwandiko. Ni wangu.

Siwezi kuandika zaidi leo. Mgongo unawaka.

Jumamosi, 6 Septemba

Niandike basi. Nikingoja nguvu, zitakuja nikiwa jenezani.

Mwaka 2021 mwanangu Nzivo alikuwa na mwaka wa tatu kwenye unga. Musab, mwana wa jirani yangu Muhiba, alikuwa na kibanda cha kinyozi hapo kwenye kona, kibanda cha bluu. Mimi huamka saa kumi na moja, mazoea ya kazi. Kila siku, kabla ya saa kumi na mbili, Musab alikuja akagonga kioo cha dirisha kwa kidole — mara mbili — na Nzivo akatoka. Saa tatu walirudi. Nzivo macho yamelegea, anajikuna shingo, anasinzia juu ya chai. Nikajumlisha. Karani hujumlisha. Anayemchukua kila siku ndiye anayempa.

Nilingoja majirani waandike. Mwezi mzima sanduku halikutoa jina la Musab hata mara moja. Hapo ndipo ningejiuliza. Badala yake nikasema watu wanaogopa. Nikaandika kwa niaba yao.

Karatasi tatu, wiki tatu. Ya kwanza herufi zimelala kushoto. Ya pili kwa mkono wa mtoto wa darasa la pili. Ya tatu kwa wino mwekundu, na makosa ya tahajia ya kukusudia. Mimi, niliyekuwa nikisahihisha barua za wakubwa!

Kamati ilikwenda. Mimi nilisema nina homa. Vijana walioifuata kamati wakavunja vioo vyote viwili vya kinyozi, wakamwambia asionekane Ijumaa. Alhamisi alikuwa ameshaondoka.

Nilidhani nimemwokoa mwanangu. Siku tano nililala vizuri.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani hawakuniona, wakaja wawili kunisomea zaburi. Nilisikiliza kwa adabu. Nilikuwa nahesabu nani mtaani angeweza kuwa na karatasi ile. Kanuni ya tano: baada ya kamati kumaliza kazi, mwenyekiti huchoma karatasi. Perez aliniambia kwa kinywa chake amezichoma. Kwa hiyo Perez aliniongopea. Kwa nini? Anataka nini kwa mtu anayekufa?

Sijaandika bado lililo baya zaidi. Nzivo alikutwa amekufa Machi 2022, mchana, nyuma ya karakana, sindano mkononi. Katika koti lake mlikuwa na kadi ya kliniki ya dawa ya kuachia unga. Dawa hiyo haibebwi nyumbani. Inanywewa pale pale, mbele ya muuguzi, kila siku ya Mungu. Ndiyo iliyomlegeza macho. Kadi ilikuwa na mihuri siku mia moja na kumi na tisa mfululizo, na mwisho wa kila mstari, kwenye nafasi ya msindikizaji: Musab. Musab. Musab. Mihuri ilianza kuruka juma lile lile alipoondoka. Kisha ikakoma.

Hakukuwa na mwingine wa kugonga dirisha. Mimi niliyekuwa macho tangu saa kumi na moja nilikuwa nakunywa chai.

Kadi iko ndani ya kamusi. Nimeijua kweli miaka mitatu na nusu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ya pili imekuja. Mkono wa mtoto. Nyuma, shingo ya twiga.

Basi kuna mtu anazo zote tatu na ananirudishia moja moja, kama mtu anayewasha mishumaa kwa zamu.

Nikamwambia Perez tena hakuna kitu. Leo hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha Nthoki, akavua kofia.

"Mzee, hili sanduku limetusaidia nini? Miaka saba. Tumefukuza watu kumi na wanne. Kumi na watano wakahamia."

Nikamwambia kanuni ni nzuri, watu ndio wabaya.

Akacheka. "Wewe na kanuni zako! Sikiliza. Nimeenda kliniki. Wanasema hivi: vijana hawashindwi na dawa, wanashindwa na asubuhi. Nataka wasindikizaji. Watu wazima, kila mmoja kijana wake, anampeleka kila siku mpaka azoee. Jina liingie sanduku kwa sababu mtu anataka kusaidiwa, si kwa kufukuzwa."

Nilisema ni wazo jema.

"Na unajua walimtaja nani huko? Musab wa Muhiba. Eti alikuwa analeta vijana watatu kila siku, kwa miguu, hata mvua. Nimekaa nikajiuliza — muuzaji gani anapeleka wateja wake kutibiwa?"

Alikuwa ananiangalia. Nina hakika alikuwa ananiangalia.

"Labda ulikuwa ujanja," nikasema. "Kujificha."

Mungu wangu! Nusu ya mwili wangu imeshaingia kaburini na bado nilisema vile.

Perez anataka Musab arudi awafundishe wasindikizaji. Tayari ameshampigia simu na yuko radhi. Lakini kanuni ya saba: mwenye karatasi tatu hafanyi kazi na kamati. Kanuni ya nane: isipokuwa aliyeandika ajitokeze mwenyewe aseme alikosea. Niliweka ya nane ili ukurasa usiishie na namba witiri. Sikudhani ingetumika.

Kamati itakaa hapa kwangu Alhamisi tarehe 25. Vijana wanane wameshaandikishwa kliniki. Wawili wameshaanza kukosa siku.

Jumatatu, 15 Septemba

Muhiba alileta uji wa mtama, kama kila siku tangu nilipolala kitandani. Miezi minne sasa! Nimeanza kujiuliza. Mama aliyevunjiwa vioo vya mwanawe na kamati yangu, analeta uji nyumbani kwa mshika ufunguo. Mwenye moyo huo ni nani? Malaika, au mtu anayengoja jambo.

Uji leo ulikuwa na uchungu kidogo. Nikasema nimeshiba.

Akaniangalia. Akachukua kijiko changu, akachota, akanywa. Akachota tena.

"Haya, Baba Nthoki. Nimetangulia mimi. Nikianguka, usinywe."

Niliona haya. Nikanywa. Ulimi wangu ndio wenye uchungu, kwa sababu ya dawa, muuguzi alishasema.

Akanifuta kidevu. Akasema Musab amempigia, ameuliza hali yangu. Ameuliza kama bado nakata zile karatasi zangu za kalenda.

Alilisema hilo akikunja kitambaa. Hakuniangalia.

Baada ya kwenda kwake nililala macho wazi mchana kutwa. Ajabu ya mtu msomi! Niligeuza miandiko mitatu, nikasahau karatasi. Sijawahi kununua daftari la kuandikia ujumbe. Masjala tulifundishwa: karatasi yenye mgongo mtupu haitupwi. Kila mwaka nakata kalenda kuukuu vipande. Mtaa huu mzima umeshapokea vipande vyangu — matangazo ya matanga, barua za maji, majina ya wanaohitaji vyandarua. Nilijificha nyuma ya twiga ambaye kila mtu anamjua.

Jumanne, 16 Septemba

Nilimpigia Perez simu. Nikauliza kwa kuzungukazunguka: zile karatasi za 2021, ulizichoma wewe mwenyewe?

Akajibu: "Siwezi kukudanganya, Mzee. Mama yake Musab aliniomba. Tulimwekea mezani azione, akazishika, akazigeuza, akaniambia nipe hizi. Mama ananiambia nipe, ningefanya nini? Nikampa. Nikakwambia nimechoma."

Alizigeuza. Kwa hiyo anajua tangu siku ile ile.

Miaka minne. Amekuja kwenye mazishi ya Nzivo akijua. Amepika pilau ya matanga akijua. Alinishika mkono pale kaburini, Lang'ata, akaniambia pole, baba, huku anajua.

Nauliza bado: anataka nini? Angeweza kusema mbele ya watu wakati wowote. Anangoja nife ili aseme? Au anangoja niseme ili nife?

Jumamosi, 20 Septemba

Juzi Perez hakuleta sanduku; litakuja siku ya kamati. Leo siku mbaya.

Mstari wa penseli tena. Dawa chini yake. Nilimwita Nthoki nikamuonyesha chupa. Sikumlaumu, niliuliza tu. Niliuliza mara tatu.

Akaenda jikoni akarudi na chupa ndogo ya sharubati ya kikohozi, imefungwa kwa plasta. Akaiweka kifuani mwangu.

"Hiyo hapo dawa yako. Namimina humu kila jioni kwa sababu chupa kubwa huiwezi, unaimwaga shukani halafu unasahau. Muuguzi ndiye aliniambia. Uliza muuguzi!"

Nikasema sikumaanisha.

"Ulimaanisha. Unachora mistari kama polisi." Akawa analia kwa hasira, Nthoki wangu, mwenye miaka hamsini na moja, aliyeacha duka lake Mutindwa kuja kuniosha. "Sasa Baba unataka kuniandikia karatasi na mimi? Ngapi? Tatu?"

Nikaigeuza ile chupa ndogo kifuani.

"Nilifagia mimi hivi vyumba, Baba. Hiyo wiki nilikuja kuwaona. Chini ya meza kulikuwa na vipande vya twiga na kalamu nyekundu. Wewe huandiki na nyekundu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nzivo alikuwa bado hai. Nikajua utajua mwenyewe. Halafu akafa. Halafu ningesema kwa nani?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka machozi yakakauka. Kisha akanipimia dozi yangu, mililita zile zile, akaushika mkono wangu na kikombe pamoja.

Watu wawili wamenitunza mwaka huu. Wote wawili walijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikichora mistari kwenye chupa.

Jumatano, 24 Septemba

Maumivu juu ya maumivu. Kesho kamati. Kesho pia sanduku, na bila shaka karatasi ya tatu, ya wino mwekundu. Nimeamua: ikitoka mbele yao nitasema. Nitaishika juu nitasema, hii ni yangu. Itakuwa rahisi, karatasi itanianzia.

Perez amepiga simu: kijana mmoja kati ya wale wanane hajaonekana kliniki siku nne. Mama yake anafanya zamu ya usiku kiwandani, hana wa kumgongea mlango. Jina lake ni Magan, ana miaka kumi na tisa.

Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 25 Septemba

Saa tatu na nusu. Naandika kitandani, shati jeupe. Nthoki amenivalisha na koti la kazini. Limekuwa kubwa kama la kaka mkubwa. Wanaingia sebuleni. Nasikia viti. Nasikia Perez akiwapanga watu kama wanafunzi. Zubeiri wa dukani analalamika chai haina tangawizi. Kwenye simu, juu ya meza, wamemweka Musab — sauti yake inakatika, "halo, halo, mnanisikia?" — nzito kuliko ninavyoikumbuka.

Nthoki ndiye aliyeniletea sanduku leo, kutoka mlangoni mpaka hapa. Nimelifungua.

Tupu.

Nimeingiza mkono mpaka pembeni. Nimeligeuza, nimelipiga kitakoni. Kutu tu.

Muhiba hakuitia ya tatu. Au aliitia, na Nthoki akaitoa njiani kati ya mlango na kitanda. Kwa huruma. Aibu ya baba ni aibu ya binti, mtu angemlaumu? Nimemtazama usoni alipoweka sanduku. Sikuona kitu. Lakini mimi sijawahi kuona kitu usoni kwa mtu, hata mara moja, kikawa ndicho.

Na kama ni Muhiba? Basi nimemwelewa. Mbili zilikuwa za kunikumbusha. Ya tatu hataki inilazimishe.

Nimesikia Zubeiri: "Kanuni ni kanuni. Huyu kijana ana tatu. Tusonge mbele, tutafute mwingine." Mtu mwingine ameunga mkono. Perez anasema ngojeni Mzee.

Muhiba hajasema neno. Najua yuko hapo, nimesikia bangili zake akiweka bilauri chini.

Nimechukua mkasi kwenye droo ya kando ya kitanda. Kalenda ya mwaka jana, hii ina tembo. Nimekata kipande. Vidole vinakataa, kimekaa upande. Nimeandika kwa mwandiko wangu wa masjala, ule uliojaa mafaili ya watu waliokufa zamani, wenye mkia kwenye herufi y:

*Karatasi tatu za mwaka 2021 juu ya Musab niliziandika mimi. Zote. Zilikuwa uongo. Yeye alikuwa akimpeleka mwanangu hospitali. — Muthama, baba yake Nzivo.*

Nimetia sahihi. Karatasi ya kwanza kutoka sanduku hili yenye sahihi. Nimeweka pamoja na kadi ya kliniki, yenye mihuri.

Nimejaribu kusimama. Miguu haipo. Nimejaribu kuita, sauti imetoka kama mlango wa kabati. Huko nje Zubeiri anacheka jambo. Wanaanza kuhesabu mikono.

Nthoki yuko mlangoni. Ameona mkasi, ameona vipande shukani. Kama siku ile. Amesogea, amenyoosha mkono.

"Lete, Baba. Nipeleke."

Hatua nane kutoka hapa hadi mezani. Naweza kuzihesabu kwa sauti ya kandambili zake. Kama alitoa ile nyekundu ili aninusuru, hii pia haitafika. Itaishia kwenye fundo la leso yake, na nitakufa nikiheshimiwa. Kama hakuitoa, nitakuwa nimemdhania tena. Hakuna mstari wa penseli wa kupimia jambo hili.

"Baba," ananiambia, "wameshanyoosha mikono."

Kwa mkono wa kushoto nimeishika upande mmoja, wa kulia unaandika. Ameishika upande mwingine. Bado sijaiachia.